Kupima jina linavyosikika kwa injini ya utafutaji

Mtu akikutajia "Zuberi" na "Kelvin" bila kuongeza neno, kichwani mwako watu wawili tofauti wameshasimama. Mmoja ana mvi, mwingine yuko na simu mkononi. Hakuna mvi ndani ya herufi za Zuberi. Picha hiyo imejengwa na maneno ambayo jina limekuwa likiandamana nayo kila uliposikia likitajwa, na maneno hayo yanahesabika, kwa sababu watu wanaandika majina mtandaoni kila siku na injini ya utafutaji inaweza kukuonyesha jina lipi limekaa jirani na neno lipi.

Mwongozo huu ni wa kufanya hesabu hiyo kwa mkono, kwa majina kumi hivi na jozi moja ya maneno yanayopingana. Andaa kompyuta, lahajedwali na saa mbili za utulivu. Ni mchezo, na ni mtamu, lakini una kanuni moja ambayo ukiivunja kazi yote inaharibika: idadi ya matokeo peke yake haisemi kitu. Kinachosema ni uwiano wa jina kati ya maneno hayo mawili, ukiwekwa kando ya uwiano wa majina mengine yaliyohesabiwa kwa njia ileile.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1957 mwanasaikolojia Charles Osgood na wenzake wawili walichapisha utafiti ambamo watu walipewa neno na kutakiwa kuliweka kwenye mizani yenye vivumishi viwili vinavyopingana, na majibu yakajikusanya katika pande kuu tatu: uzuri, nguvu na uchangamfu. Mwaka 2002 mtafiti wa kompyuta Peter Turney aliwaondoa watu akaiweka injini ya AltaVista mahali pao. Alihesabu mara ngapi kirai, yaani maneno machache yanayokwenda pamoja, kinatokea ndani ya maneno kumi kutoka neno la Kiingereza "excellent", na mara ngapi karibu na "poor". Kwa hesabu hiyo tu alibashiri kama hakiki 410 zilikuwa za kusifu au za kuponda, akapatia 74%. AltaVista ilifungwa mwaka 2013, na amri yake ya kutafuta maneno yaliyo karibu haikuacha mrithi wa kutegemewa. Ndiyo maana hapa tunatumia virai kamili ndani ya alama za kunukuu.

Hatua ya 1: Chagua majina nane hadi kumi na mawili

Yawe ya jinsia moja, maana maneno utakayoyatumia hayawaendei wanawake na wanaume kwa usawa. Chini ya majina nane hutakuwa na msingi wa kulinganishia, na ukizidisha kumi na mawili utachoka katikati na kuanza kuhesabu ovyo.

Tatizo kubwa la majina yetu ni kwamba mengi ni maneno ya kawaida. Injini haitofautishi herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo kwake Amani ni amani, Neema ni neema, na vivyo hivyo Baraka, Furaha, Tumaini, Rehema na Zawadi. Juma ni mtego zaidi: ukitafuta "juma ni zuri" utaletewa mwisho wa juma. Rajabu, Shabani na Ramadhani ni miezi. Si lazima uyatupe majina haya, ila usiyapime kwa vivumishi. Yapime kwa maneno yanayotangulia jina la mtu, kama "dada Neema" au "mzee Baraka", kwa sababu hapo neno la kawaida haliwezi kujipenyeza kirahisi.

Tahajia nazo ni za kuangalia. Yusufu, Yusuf na Yusuph; Hamisi na Khamis; Fatuma na Fatma. Shauri letu ni kuzihesabu kando kando kwanza. Tahajia ina sauti yake, na mara nyingine Fatuma na Fatma wanaangukia sehemu mbili tofauti za mizani. Ukiona wako pamoja, ndipo uwajumlishe.

Halafu kuna majina yaliyomezwa na mtu mmoja au kitu kimoja. Tafuta "mwalimu Julius" na utamkuta Nyerere ukurasa baada ya ukurasa, hata kama ulitaka kujua kama Julius linasikika kama jina la mwalimu. "Mzee Yusuf" ni mwimbaji wa taarabu, kwa hiyo jina Yusuf litaonekana limezeeka kuliko lilivyo. Kwa Kiingereza, Katrina limefungamana na kimbunga cha mwaka 2005, na Alexa na msaidizi wa sauti wa Amazon aliyetoka mwaka 2014. Kabla ya kuliingiza jina kwenye orodha, tafuta jina pamoja na kila neno la jozi yako na usome matokeo kumi ya kwanza. Kama saba au nane yanamhusu mtu yuleyule, badilisha jina au badilisha jozi.

Tumia majina ya kwanza tu. Jina na ukoo vikikaa pamoja vinamtaja mtu halisi, na hapo umeacha kupima jina umeanza kumchunguza mtu. Jambo hili lina uzito wake: mwaka 2013 mtafiti Latanya Sweeney alionyesha kwamba nchini Marekani, kutafuta majina yanayopewa zaidi watoto weusi kulileta mara nyingi zaidi matangazo yenye neno la kukamatwa na polisi. Alama utakazozipata zinaeleza maandishi ya watu. Usizitumie kumchagua mfanyakazi wala mpangaji.

Hatua ya 2: Chagua jozi ya maneno

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo usiharakishe.

Jozi zilizo rahisi zaidi ni za maneno ya heshima na undugu. Kiswahili huyatanguliza kabla ya jina, hivyo kirai ni kifupi na hupatikana kwa wingi. Kupima umri unaosikika kwa wanaume, tumia "mzee" na "kijana". Kwa wanawake, "bibi" na "dada". Yajue maneno yenyewe kabla ya kuyaamini. "Bibi" ni mama wa mzazi wako kwa mmoja na ni cheo cha heshima cha mwanamke kwa mwingine, hasa katika maandishi rasmi. "Dada" ni ndugu, ni mwumini mwenzako, na ni msaidizi wa nyumbani. "Mzee" ni umri, lakini vijana nao huitana mzee. Epuka "binti" kabisa: katika "Asha binti Rashidi" jina linalofuata ni la baba, na utakuwa unampima Rashidi kwa neno la mwanawe.

Jozi za tabia ni ngumu zaidi ila zinafurahisha kuliko zote. Zinazofanya kazi vizuri ni mkarimu na mchoyo, mchapakazi na mvivu, jasiri na mwoga, mchangamfu na mkimya. Ukizipanga kwa zile pande tatu za Osgood, ya kwanza inagusa uzuri, jasiri na mwoga inagusa nguvu, na ya mwisho uchangamfu. Ukichagua jozi tatu za uzuri mtupu utapima kitu kimoja mara tatu.

Maneno ya kuyaacha ni yale yenye sura mbili. "Mkali" ni mtu wa hasira, lakini "Rashidi ni mkali" siku hizi mara nyingi ni sifa: ana kipaji, hana mpinzani. "Mjanja" anaweza kuwa mwerevu au tapeli. "Mzuri" kwa mwanamke husomwa kama sura, kwa mwanamume kama tabia. "Mwongo" ni msema uongo, na pia ni kipindi cha miaka kumi. Angalia na tahajia: mwoga huandikwa pia muoga, na mchapakazi huandikwa mchapa kazi. Tafuta zote mbili kisha jumlisha.

Kumbuka pia kwamba ndani ya alama za kunukuu umbo ni lilelile uliloandika. "Mkarimu" haileti "wakarimu" wala "ukarimu wa Halima".

Kama hujui uanze na kivumishi gani, acha injini ikupendekezee. Katika Google nyota husimama mahali pa neno zima, kwa hiyo "Halima ni * sana" itakuletea sentensi zilizojazwa tayari. Nyota haifanyi kazi kwa kipande cha neno, hivyo usiandike "Halima ni m*" ukitegemea vivumishi vyote vya mtu.

Hatua ya 3: Tunga swali moja na usilibadilishe

Kwa maneno ya heshima, swali ni kirai chenyewe: "mzee Zuberi". Kwa vivumishi, anza na swali lililobana, "Halima ni mkarimu", kisha "Halima alikuwa mkarimu", na ujumlishe. Matokeo yakiwa machache mno kwa majina mengi, panda ngazi moja: "Halima * mkarimu". Ngazi ya mwisho ni kila neno ndani ya alama zake, "Halima" "mkarimu", ambayo huleta kurasa zenye maneno hayo mawili popote. Ngazi hiyo hatuipendi. Hadithi ndefu yenye wahusika thelathini itampa kila mmoja ukarimu wa mwenzake, na "si mkarimu" itahesabiwa kama sifa.

Ngazi yoyote utakayoichagua, itumie kwa majina yote. Kumpanulia swali Halima pekee kwa sababu alipata sifuri ni sawa na kumsogezea goli.

Kuna kasoro moja iliyo ya Kiswahili hasa. "Halima ni mkarimu" inanasa pia "mama Halima ni mkarimu" na "mume wa Halima ni mkarimu", ambapo mkarimu si Halima. Ondoa sehemu ya tatizo kwa alama ya kutoa: andika swali, acha nafasi, kisha -"mama Halima" -"baba Halima". Yanayobaki utayaondoa kwa macho. Na kama orodha yako ina majina ya vitabu vitakatifu, kama Yakobo au Mariamu, ongeza -nabii na -biblia kwa kila jina, si kwa hayo tu.

Hatua ya 4: Hesabu

Fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari ili historia yako isiingilie, na fanya utafutaji wote kwa kikao kimoja na injini moja. Google na Bing huonyesha makadirio ya idadi ya matokeo. Katika Google siku hizi yamefichwa nyuma ya kitufe cha Zana, na kwenye simu kwa kawaida hayaonekani. DuckDuckGo haiyaonyeshi kabisa.

Makadirio hayo usiyaandike. Si hesabu, ni bashiri ya mtambo, nayo hubadilika ukibonyeza ukurasa wa pili. Swali linaweza kudai matokeo 2,300 na kurasa zikaisha kwenye ukurasa wa nne. Nenda hadi ukurasa wa mwisho, uhesabu yaliyopo kwa jicho. Chini kabisa injini inaweza kukuambia imeficha matokeo yanayofanana. Yaache yafichwe, hiyo ni faida kwako. Ikiwa swali linaleta zaidi ya 300, swali lako ni pana, libane.

Unapohesabu, ruka yafuatayo. Habari ileile iliyonakiliwa kwenye tovuti ishirini ni tokeo moja. Orodha za majina na maana zake hazihesabiwi. Kurasa zilizotafsiriwa na mashine pia hazihesabiwi, na utazitambua kwa upatanisho uliovunjika, kama "Yohana ni nzuri". Matokeo ambamo alama ya nukta imekaa katikati ya jina na kivumishi huanguka pia, kwa kuwa injini haizingatii alama za uandishi.

Mtego mbaya kuliko yote ni sifuri iliyojificha. Kirai kisipopatikana, Google huandika kwa maandishi madogo kwamba hakuna matokeo ya kirai hicho, kisha hapohapo inajaza ukurasa kwa matokeo yasiyo na alama za kunukuu. Asiyesoma mstari huo ataandika 40 mahali pa 0. Vilevile injini ikikusahihishia jina, bonyeza kiungo cha kutafuta ulichoandika wewe.

Usitumie programu ya kuvuta matokeo kwa wingi. Injini zinakataza, na baada ya maswali machache utaanza kuombwa uthibitishe kwamba si roboti. Majina kumi na maneno mawili ni maswali ishirini, na mkono unayamudu.

Ukimaliza, rudia swali la kwanza. Likitofautiana na mwanzo kwa zaidi ya moja ya kumi, kuna kitu kimebadilika katikati. Rudia orodha nzima.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya uwiano

Kwenye lahajedwali, safu A iwe ya majina, B ya "mzee", C ya "kijana". Mstari wa 2 uwe jumla ya majina yote, majina yenyewe yaanze mstari wa 3. Kwenye D3 andika:

=LOG(((B3+0.5)/(C3+0.5))/(B$2/C$2),2)

kisha buruta hadi chini. Ile 0.5 inazuia kugawanya kwa sifuri. B$2/C$2 ndio msingi, na ndio roho ya kazi hii. Kama lahajedwali yako hutumia mkato kwa desimali, tenganisha sehemu za fomula kwa nukta mkato.

Tazama kwa namba za kubuni. Tuseme majina yote kumi kwa pamoja yamepata "mzee" 180 na "kijana" 60, yaani uwiano wa 3. Zuberi amepata 30 na 4. Kelvin amepata 24 na 12. Kwa haraka haraka utasema Kelvin naye ni jina la wazee, maana mzee ni mara mbili ya kijana. Lakini neno "mzee" hutangulizwa kwa majina kirahisi zaidi kuliko "kijana", kwa hiyo kila jina linaanza na upendeleo huo. Zuberi: 30.5 kwa 4.5 ni 6.78, ukigawanya kwa 3 ni 2.26, na logi yake ya msingi wa 2 (kipeo ambacho 2 ikipandishwa huwa 2.26) ni 1.18. Kelvin: 24.5 kwa 12.5 ni 1.96, kwa 3 ni 0.65, logi yake ni -0.61. Sifuri ni jina la wastani katika orodha yako, 1 ni mara mbili ya msingi, -1 ni nusu yake. Kelvin yuko upande wa vijana.

Sasa pima shaka, yaani kiasi ambacho alama inaweza kuyumba kwa bahati tu. Kwenye E3 andika:

=SQRT(1/(B3+0.5)+1/(C3+0.5))/LN(2)

Zuberi anapata 0.73 na Kelvin 0.50. Jina halijathibitika kuwa mbali na wastani mpaka alama yake ipite mara mbili ya namba hii. Zuberi ana 1.18 na alihitaji 1.46. Kwa hiyo pamoja na 30 kwa 4, bado hajatoka kwenye wastani kwa uhakika, na kinachomwangusha ni ile 4 ndogo. Kulinganisha majina mawili, zidisha namba ya shaka ya kila moja kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo: hapa ni 0.88. Tofauti ya Zuberi na Kelvin ni 1.79, na mara mbili ya 0.88 ni 1.76. Imevuka kwa unywele. Jina ambalo pande zote mbili zimepata chini ya 4, liache wazi. Turney naye aliyaruka ya namna hiyo.

Hatua ya 6: Soma ulichopata

Panga safu D kutoka juu hadi chini. Weka kwenye orodha majina mawili ambayo jibu lake unalijua, moja la kila upande. Kama hayo mawili hayakukaa yanapopaswa, usiamini mengine. Jozi yako inapima kitu kingine.

Usisome alama kama tabia ya wenye jina. Zuberi kuwa juu kunaweza kumaanisha kwamba akina Zuberi wengi ni wazee kweli, au kwamba waandishi wa hadithi wakitaka mzee humwita Zuberi. Hesabu hii haiwezi kuyatenganisha hayo mawili. Ukitaka kuyakaribia, rudia ukitoa -hadithi -riwaya kwa majina yote, uone nani anashuka.

Na jina likikushangaza, mathalani mvivu limezidi mchapakazi mara nne, rudi kwenye matokeo yenyewe na ufungue kurasa zote za mvivu. Mara nyingi utakuta ni hadithi moja ya watoto iliyogawanywa kwenye kurasa sita. Ihesabu kama moja, piga hesabu upya. Alama ikibaki ilipokuwa, na kurasa zikiwa za tovuti tano tofauti zisizonakiliana, andika jina hilo, swali lenyewe neno kwa neno na tarehe ya siku hiyo, ili mwingine aweze kulirudia.